Upepo Wetu, Samadi ya Watani

Kwa Bi Zuwena, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, nimetoka misa sasa hivi.

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeshaitikia "marahaba" kwa sauti, na jirani kageuka kuangalia unaongea na nani. Mwambie unaongea na Kasiani wako. Tumsifu Yesu Kristu. Habari za hapo nyumbani? Habari za shamba, za kifua cha baba mdogo, za yule kuku mwekundu asiyetaka kulalia mayai? Mimi mzima, ila joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa, na mbu wa bonde la Jangwani wamenizoea kama ndugu yao.

Kabla sijaenda mbali: huyo mwanamume aliyekuletea barua hii, mrefu, mwenye pengo na tabasamu la mtu asiyelipa nauli, usimpe kiti kwanza. Mwache asimame hapo mlangoni mpaka nikwambie. Ana nguvu, hatachoka.

Nimeandika herufi kubwa kubwa kwa sababu Yustina, binti wa shangazi, aliyekuja huku kutibiwa macho, amenieleza kwamba elimu ya watu wazima imekukomboa na sasa unasoma mwenyewe. Hongera sana, mama. Nilitembea Kariakoo nzima nikiwatangazia wauza vitunguu. Lakini Yustina kasema pia kwamba barua zangu unazisahihisha kwa penseli. Hilo, mama, si lazima.

Ni Yustina huyo huyo aliyeniliza. Wewe katika kila barua unaandika "maji tunapata". Ndiyo, mnapata! Hata aliyetumbukia kisimani kapata maji. Tangu mhamishiwe pale juu kando ya barabara, mto umebaki bondeni na nyinyi mko kilimani mnautazama. Serikali ikachimba kile kisima kirefu, ikaleta injini ya kuvuta maji, mkacheza ngoma, mkachinja mbuzi. Dizeli ikaadimika, na injini ikawa mahali pa kuku kutagia. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba wewe, kwa umri huo, unateremka ule mteremko na ndoo na kuupanda tena nayo ikiwa imejaa, na kwamba masika haya uliteleza ukalala kwenye tope mpaka wenzako walipokukuta. Kwa nini hukuniambia? Nilikasirika, mama. Nakwambia kweli, nilikukasirikia wewe, nikaikasirikia injini, nikawakasirikia hata wale kuku.

Kisha Yustina akanipa habari ya pili, nikacheka machozi yakiwa hayajakauka. Kwamba mwenyekiti wa kijiji katangaza msaada unakuja, na msaada wenyewe ni mtambo wa gesi ya samadi. Unakoroga mavi ya ng'ombe na maji, unayafunika kwa pipa kubwa, yanachacha, yanatoa gesi, unapikia. Jambo zuri kabisa, silikatai. Ila sisi tuna ng'ombe gani? Yule wa padri na wawili wa katekista, na mmoja wao hana hata meno. Halafu mtambo wenyewe unataka maji! Watu wana kiu, wanaletewa mgeni mwenye kiu kuliko wao. Eti mwenyekiti akasema kila kaya ilete debe la mavi ya mbuzi, na yasipotosha, vyoo vya wanakijiji navyo vichangie maendeleo. Na eti wewe ukasimama mbele ya mkutano mzima ukasema uji wako hutaupikia choo cha mwenyekiti. Mama! Mbele ya katibu kata!

Sasa turudi kwa huyo aliyesimama mlangoni. Anaitwa Kihwele. Ni Mhehe. Ndiyo, mtani wetu, umesikia vizuri, kwa hiyo kama mbwa wetu yuko uani mfungie ndani asije akaliwa, kabla hujaendelea kusoma. Tunakaa naye chumba kimoja hapa kwa Bi Zuwena, na tunapakia mizigo pamoja kwenye bohari ya serikali kule mtaa wa Gerezani. Ni mtu mbaya sana na ninampenda kama ndugu. Haya, sasa mpe kiti. Kile kibovu.

Bi Zuwena, mama mwenye nyumba, ni Mwarabu wa Kilwa, na ua wake una wapangaji wa kila mkoa. Siku hizi mafuta ya taa yamekuwa haba, foleni yake inazunguka mtaa, basi jioni kazi yetu ni kubishana nani kwao wanajua kuishi bila mafuta. Msambaa wa chumba cha uani anajisifu kwamba kwao maji ya mlimani yanazungusha kinu, unga unasagika na injini hakuna. Bi Zuwena anamkata: "Kwetu Kilwa hatubishani, mwanangu, twaanika. Samaki juani, mbata juani, muhogo juani. Jua halina foleni." Kihwele naye anangoja taa ya umeme iwake pale ukumbini, ndipo asimame katikati ya ua kama mkuu wa mkoa: "Wangoni, semeni asante! Umeme huo unatoka kwenye maji ya Ruaha, maji ya kwetu!" Umeme ukikatika namwambia basi leo kwenu wameamua kuoga. Ua wote unakufa kwa kicheko. Na huu mji wenyewe, mama, una jua la kukaanga chapati na upepo wa bahari mchana kutwa, lakini kutwa unapanga foleni ya mafuta na kununua mkaa wa misitu ya watu. Halafu wanatuita sisi washamba.

Basi jioni ile nikawasimulia habari ya mwenyekiti na debe la mavi. Kihwele alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kibao cha mbuzi alichokalia. Alipoinuka akasema, "Ngoja usikie ya kwetu." Kijijini kwao, mama, ng'ombe ni wengi kuliko salamu, na kinyesi wanakiruka kama madimbwi. Na kijito kinapita mlangoni. Wao wamepangiwa nini? Kinu cha upepo cha kuvuta maji! Mnara mrefu wa chuma wenye mabawa ya bati. Na wako bondeni, wamezungukwa na vilima kila upande. "Upepo hatuujui," Kihwele akasema. "Ukiwasha moto moshi unapanda wima. Bibi yangu anapepeta mpunga kwa kupuliza na mdomo."

Tukacheka tena. Nilikuwa nakufikiria wewe pale kilimani, kanga inavyopepea mpaka uishike kwa meno. Kihwele akanitazama, nikamtazama.

"We Mngoni," akasema, "mmetuibia samadi yetu."

"Na nyinyi mmekalia upepo wetu," nikamjibu.

Na ajabu ya mambo, mitambo yote miwili ilikuwa kwenye bohari yetu. Tuliishusha wenyewe kwa migongo yetu, tukidhani ni vyuma tu vya serikali. Pipa liko kona hii, mabawa yako kona ile, yanangoja malori.

Tukafanya mambo kistaarabu. Tukavaa mashati, tukaenda kule Posta kwenye ofisi ya afisa anayehusika na mitambo hiyo. Ni Mnyamwezi wa Tabora, mtu msafi, ana kofia nzuri ya kijivu anayoivua kwa mikono miwili. Si mtu mbaya, ila anaipenda mno ramani yake. Ameibandika ukutani, kila mkoa kaupaka rangi kwa penseli.

"Mkoa wa Ruvuma ni kahawia," akatuambia. "Kahawia ni samadi. Mkoa wa Iringa ni bluu. Bluu ni upepo."

Kihwele akasema, "Ndugu Afisa, upepo wa Iringa uko kule Makambako, unang'oa hata mapaa. Sisi tuko bondeni. Upepo unapita juu, hata hautusalimii."

"Makambako iko mkoa gani?"

"Iringa."

"Basi upepo mnao."

Nikaona niingie mimi. "Ndugu Afisa, kijijini kwetu hatuna ng'ombe."

"Mpango unasema mifugo itaongezeka."

"Lini?"

"Mpango hausemi lini."

Nikamweleza habari ya kisima na injini. Nikamweleza habari yako, mama, ule mteremko na lile tope. Yule bwana akavua kofia akaiweka mezani. Akasema ananisikitikia sana, lakini mpango umeshapigwa muhuri, na yeye akianza kusikiliza kila kijiji, ramani itakuwa na madoadoa. Kama chui, alisema. Nikatoka pale nimefura. Upepo ulianza lini kufuata mipaka ya mikoa?

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika Mnazi Mmoja akaniuliza, "Kasiani, mtani akichukua kitu cha mtani wake, huo ni wizi?"

Mama, unaukumbuka msiba wa babu? Wahehe walivyokuja wakaingia kaburini, wakalala humo wakasema hatoki mtu mpaka kuku aletwe, na sisi wafiwa badala ya kulia tukawa tunawabembeleza? Kuna aliyekwenda polisi? Nani amewahi kumshitaki mtani?

"Si wizi," nikamjibu.

"Basi mimi nautaka ule mtambo wenu wa mavi," akasema. "Nitauchukua kwa nguvu. Na wewe, kama ni mwanamume, ninyang'anye upepo."

Siku ya kupakia ilikuwa Ijumaa. Malori mawili, moja la Iringa, moja la Songea. Adhuhuri mlinzi wetu, Mzee Pazi, alikwenda msikitini, na madereva wakawa wanacheza bao kivulini. Tukafanya kazi yetu mchana kweupe, tena kwa makelele, maana utani wa kunong'ona ndio unaitwa wizi. Kila bawa la bati nililolibeba nililitangaza: "Nakunyang'anya, Mhehe! Njoo unizuie!" Naye anasukuma pipa huku anaimba kwamba Wangoni wamekwisha, hata mavi yao yametekwa. Pipa likamponda kidole cha mguu, akaimba hivyo hivyo, ila kwa sauti nyembamba zaidi. Madereva walicheka tu. Wao wameambiwa mzigo wa Songea na mzigo wa Iringa, na mizigo ilikuwa humo.

Tulikuwa tunafunga kamba ya mwisho afisa akafika na gari lake, amekuja kuyaaga malori. Akazunguka lori la Songea. Akaona mabawa. Akazunguka lori la Iringa, akaona pipa.

"Nani amebadilisha mizigo?"

"Mtani wangu kaninyang'anya!" tukasema wote pamoja, kila mmoja anamsonta mwenzake.

"Nitawapeleka polisi!"

"Ndugu Afisa," Kihwele akasema kwa unyenyekevu wote, "ukimpeleka huyu Mngoni, mimi ndiye shahidi wake. Mtani hashitakiwi."

Hapo, mama, mzaha ukaisha. Afisa alibadilika uso. Akasema basi hatuna kazi, wote wawili, tushushe mizigo, tuipange ilivyotakiwa, halafu twende zetu tusionekane tena. Nikaona upepo umeondoka, na kazi imeondoka, na wewe bado uko kwenye mteremko. Nilishika kamba nikaanza kuifungua.

Ndipo Mzee Pazi akarudi kutoka msikitini na kanzu yake. Ni Mzaramo wa hapa hapa, mzee mwenye maneno. Akasimama, akatusikiliza, akamwendea afisa taratibu, akamvua ile kofia ya kijivu kichwani, akaiweka juu ya gunia, akaikalia.

Hata madereva waliacha bao.

"Mnyamwezi," Mzee Pazi akasema, "mtumwa wangu wewe, nani kakupa ruhusa ya kufoka mjini kwangu? Babu zako walifika hapa na pembe za ndovu vichwani, leo wewe umebeba ramani ndio unajiona? Watani wenzio wamenyang'anyana kihalali unataja polisi. Tabora hamfundishwi adabu?"

Nilimtazama afisa. Alikuwa amekaza taya, mashavu yanatetemeka. Maana unajua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zamani, na mtu akishakaliwa kofia na mtani wake hana la kufanya. Akajitahidi kununa. Akashindwa. Kicheko kikamtoka puani kwanza, halafu mdomoni, mpaka akaegemea lori.

"Mzee, nipe kofia yangu."

"Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa malori mawili, yaende kama yalivyo. Na vijana wabaki na kazi yao. Ukichelewa najamba."

Naomba radhi, mama, lakini ndivyo alivyosema, na ndivyo kofia ilivyookoka.

Afisa alikaa kwenye gunia jingine akafikiri. Akasema jambo la utani tumelimaliza kiutani, lakini karatasi za serikali hazina watani, malori yasiondoke mpaka yeye aandikishe upya. Keshoye akatuita ofisini. Tukamkuta na penseli zake. Ndani ya Iringa ya bluu alikuwa amechora kidoa cha kahawia. Na ndani ya Ruvuma yote ya kahawia, huku chini kabisa, pana kidoa kimoja cha bluu. Nilikitazama sana kile kidoa. Hapo ndipo unapokaa wewe.

"Sasa ramani yangu ina upele," akasema, "na mmeuleta nyinyi. Adhabu yenu ni hii: mtakwenda mkaifunge hiyo mitambo. Lakini sitawapeleka makwenu, mtakaa miezi mnakunywa pombe. Mngoni ataenda Uheheni akakoroge samadi. Mhehe ataenda Ungonini akapande mnara."

Kihwele alipiga goti kushukuru, mnafiki mkubwa. Mimi nilijaribu kusema kwamba mama yangu hajaniona muda mrefu. Afisa akasema hiyo ndiyo maana ya adhabu.

Kwa hiyo tunaondoka pamoja kesho asubuhi. Njia ni moja, mama. Tutapanda lori lile lile la Songea, kwa sababu lile jingine limejaa pipa. Nitakaa juu ya mabawa yako mpaka Iringa. Pale nitashuka, na lori litaendelea kuja kwako, na mimi nitabaki barabarani nalitazama. Basi kama ulisikia lori ukatoka mbio kunitafuta, nisamehe. Aliyeshuka ni huyo mwenye pengo. Nimeona nikwambie mwenyewe kuliko akwambie yeye, maana angekwambia nimeoa Mhehe.

Atakutukana, jiandae. Atasema wewe ni mkewe, atadai ndizi, atalala kitandani kwangu na viatu. Mtukane na wewe, usimwonee huruma, nakuaminia. Lakini mama, mpe togwa nzuri, na usimpe kazi siku ya kwanza, maana kwa kile kidole alichokiponda bado anachechemea na hataki kusema. Alikiponda kwa ajili ya mama wa mtu mwingine.

Msalimie baba mdogo, mwambie dawa ya kifua nimemfungia kwenye karatasi ya bluu, asimpe mbuzi kama ile ya mwaka jana. Msalimie shangazi, mwambie macho ya Yustina yanaendelea vizuri, tayari anaona kasoro zangu zote kwa mbali. Msalimie padri, na katekista na ng'ombe wake asiye na meno, ambaye sasa amesamehewa. Dada yangu mkubwa mpe kitenge cha maua, kile cha mistari ni chako. Mwenyekiti naye msalimie kwa heshima zote. Mwambie madebe awarudishie watu.

Mimi wakati huo nitakuwa kwa watani, nimesimama kwenye samadi mpaka magotini, wanawake wa Kihehe wananicheka. Nicheke na wewe, nimeridhia. Ila nina ombi moja. Siku mabawa yatakaposhika upepo na bomba likakohoa, watasimama hapo wakubwa wote, na mtu atataka kutoa hotuba. Ndoo ya kwanza asipewe mwenyekiti, wala padri, wala huyo Mhehe. Ni yako. Usiipikie, usiweke akiba, usimgawie mtu. Kaa kwenye kigoda, nyosha miguu, ujimwagie maji yote, yatapakae chini, yapotee kabisa. Halafu ukitaka tena, fungua bomba.

Mwanao,
Kasiani